Kipupwe, Bustani na Nyumba

Katika nchi za Ulaya watu huuogopa wakati wa baridi, kwa kuwa ndipo bustani hulala chini ya theluji, miti hubaki matawi matupu, na mwenye nyumba hujifungia ndani akingoja siku zirefuke. Huku kwetu Mtwara, na pwani yote ya kusini mpaka kinywa cha Mto Ruvuma, mambo ni kinyume. Baridi yetu, ambayo twaiita kipupwe, ndiyo inayoiamsha bustani. Mvua imekwisha, mpunga na mtama umevunwa, jua limepoa, na mkono wa mkulima una nafasi. Walakini naona watu wengi wakiipitisha miezi hiyo mitatu, Juni, Julai na Agosti, kama abiria waliokaa kituoni wakingoja gari. Na gari hilo ni korosho. Wao huhesabu maua ya mikorosho na kukopa kwa tumaini la Oktoba. Mimi nataka kunena habari za kipupwe chenyewe, maana ni msimu wenye utajiri wake, na mwenye kuupuuza hupoteza mengi ambayo korosho haiwezi kuyanunua.

Kwanza tuangalie baridi hii yatoka wapi. Watoto shuleni huniuliza, "Mwalimu, mbona jua ni lile lile na sisi twatetemeka?" Nami huwajibu kwamba jua husafiri. Mwezi wa Juni limekwenda kaskazini kabisa ya ikweta, na sisi tulio kusini limetupa kisogo kidogo. Mji wa Mtwara uko nyuzi 10 na zaidi kusini ya ikweta. Mombasa iko nyuzi 4, na Lamu nyuzi 2 tu. Kwa hiyo ndugu zetu wa Lamu huisikia baridi kidogo sana kuliko sisi. Hata urefu wa siku hubadilika kwetu: mchana wa Desemba huuzidi mchana wa Juni kwa muda wa saa moja na kitu. Tena upepo wa kusi hutujia kutoka bahari ya kusini, ambako ndiko baridi iliko wakati huo, ukapita juu ya maji mengi na kutufikia ukiwa mbichi. Alfajiri ya Julai kipimo cha joto hushuka hata nyuzi 19 au 20. Mtu wa Njombe atacheka akisikia kwamba hiyo twaiita baridi, lakini mwili wa mtu wa pwani hujua kwao.

Kusi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikivirudisha vyombo Arabuni na Bara Hindi katika siku za zamani, na wazee wa Mikindani waliipanga miaka yao kwa pepo mbili, kusi na kaskazi. Lakini kwa mvuvi mdogo mwenye ngalawa au mtumbwi, kusi ikikaza ni mlango uliofungwa. Nje ya mwamba mawimbi husimama kama ukuta, naye hukaa pwani akishona nyavu zake. Basi samaki hupungua sokoni, na waliopo bei yao hupanda. Hapo mama wa nyumbani hutazama chungu chake na kujiuliza, "Leo kitoweo nini?" Mwenye bustani huchukua kikapu akashuka nyuma ya nyumba, asiye na bustani huchukua fedha, kama anayo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ninayotaka msomaji aishike: bahari ikifunga, bustani hufungua.

Sasa nieleze bustani yetu. Si kubwa. Ni matuta sita nyuma ya nyumba, katika bonde dogo la mchanga mweusi, umbali wa kutosha kusikia bahari bila kuiona. Mwezi wa Mei, mvua za mwisho zinapokatika, twatengeneza kitalu chini ya kivuli cha mnazi na kusia mbegu za nyanya, bilingani na kabichi. Miche ikifika wiki nne huhamishwa kwenye matuta jioni, jua likiwa limekwisha kushuka, ipate usiku mzima wa kupoa kabla ya kukutana na mchana. Katika matuta mengine twapanda mchicha, bamia, na matembele. Mchicha ni mtoto mwema asiyechelewesha wazazi wake. Siku ya ishirini na tano au thelathini unauchuma. Nyanya hutaka subira, maana tangu kuhamishwa hupita miezi miwili na zaidi hata upate ya kwanza iliyoiva.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisipande nyanya wakati wa mvua, maji yanapotoka mbinguni bila kuteka? Sababu ni mbili. Katika masika majani hulowa siku nzima, na ukungu huyashambulia hata mmea ukawa mweusi kama uliopitiwa na moto. Na katika joto kuu la Novemba na Desemba maua ya nyanya hupukutika bila kushika tunda, kwa kuwa usiku wenyewe ni wa moto. Kipupwe huepuka mabaya yote mawili: hewa kavu, usiku wa baridi. Kazi inayobaki ni maji. Nasi twapunguza kazi hiyo kwa kutandaza majani makavu juu ya matuta, yauzuie upepo wa kusi usiibe unyevu. Majivu ya jikoni twayazungushia mashina, kwa ajili ya viwavi wakatao miche usiku. Na majani ya mwarobaini, yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha kisha maji yake yakachujwa, hunyunyizwa kwa ajili ya wadudu wa majani. Samadi ni ya mbuzi wetu wanne. Hakuna kitu hapo kinachohitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni mtu kuwapo.

Habari ya maji yafaa kusemwa kwa urefu, maana ndiyo roho ya bustani ya pwani. Kisima chetu kilichimbwa na marehemu baba yangu. Kina chake hakizidi urefu wa watu wawili, na maji yake ni matamu. Walakini chini ya maji hayo matamu yako maji ya chumvi, yaliyopenya mchangani kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Ukiteka kwa kiasi, mvua ya kila mwaka hurudisha ulichotwaa. Ukiteka kwa pupa, hasa kwa mashine ya kuvuta, maji matamu hukonda na ya chumvi hupanda. Na kisima kikishaonja chumvi huchukua muda mrefu kupona. Baba alituwekea sheria: ndoo ishirini asubuhi na ndoo ishirini jioni, hata ukame uwe namna gani. Kwa hiyo matuta yetu ni sita wala hayawi saba. Kisima ndicho kilichoamua ukubwa wa bustani, na naona ni hakimu mwema kuliko tamaa yangu.

Ndugu zetu waliokaa karibu na Ruvuma wana bustani za namna nyingine. Mto unapopungua baada ya mvua huacha kingo zenye tope nono, nao hufuata maji yanavyorudi nyuma wakipanda mahindi na mboga katika unyevu uliobaki. Hawana haja ya ndoo ishirini. Lakini wana kiboko, ambaye hutoka majini usiku bila hodi, na kwa saa moja hula kazi ya mwezi. Kila mahali pana neema yake na kodi yake.

Sasa nije kwa nyumba, maana bustani bila nyumba ni shamba tu. Shule zetu hufunga kwa likizo mwezi wa Juni, na hapo mwalimu hupata nafasi ya kuwa baba. Katika miezi mingine watoto wangu huniona kama wanafunzi wengine wanionavyo, nikiwa na chaki mkononi. Katika kipupwe huniona nikiwa na ndoo. Asubuhi umande ukiwa bado majanini twashuka wote bondeni. Mdogo hubeba kopo, wa kati hubeba ndoo ndogo, nami na mama yao twateka kwa zamu. Hapo ndipo nilipojua kwamba binti yangu wa pili huogopa hesabu, jambo ambalo katika darasa lenye watoto wengi sikupata kuliona. Aliniambia huku akihesabu ndoo. Basi tukaanza kufanya hesabu kwa ndoo: ndoo ishirini kwa matuta sita, kila tuta lapata ngapi, na zinabaki ngapi? Zile mbili zinazobaki akaamua mwenyewe ziende kwenye mpapai.

Mchana ni wakati wa kutengeneza nyumba. Kuta za udongo zilizopigwa na masika hukandikwa upya, makuti mabovu hubadilishwa, na muhogo humenywa ukaanikwa juani kuwa makopa, kwa kuwa jua la kipupwe ni kavu na upepo haukomi. Jioni moto huwashwa uani kwa makumbi ya nazi. Karanga mpya huchemshwa na maganda yake, mbaazi changa hupikwa, muhogo hufukiwa katika makaa. Bibi, yaani mama yangu mzazi, hukaa upande usiopigwa na moshi, khanga mbili begani, akisuka ukili, na watoto hawamwachi mpaka aseme "Paukwa!" nao waitikie "Pakawa!" Katika msimu wa joto kila mtu hutafuta upepo wake mahali pake, baridi ndiyo inayowakusanya watu kuuzunguka moto mmoja.

Tena, yako mambo ambayo kipupwe hutuonyesha bila malipo. Mwaka mmoja mwishoni mwa Agosti tulifika Msimbati kumzuru shangazi, na watoto wakaona nje ya mwamba maji yakirushwa juu kama moshi mweupe, kisha mgongo mweusi ukazama. Ni nyangumi wenye nundu, ambao kila mwaka, tangu Julai hata Novemba hivi, hupanda kutoka bahari za barafu za kusini kuja kuzaa katika maji yetu. Mahali hapo pamelindwa tangu mwaka 2000 katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Binti yangu akaniuliza kwa nini wanakuja wakati wa baridi. Nikamwambia kwamba baridi tunayoilalamikia sisi ndiyo joto alilolifuata yule mama wa nyangumi kwa safari ya maelfu ya maili, ili mtoto wake asizaliwe penye barafu. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi yeye naye anakuja likizo nyumbani."

Lakini msomaji asidhani kwamba raha hii haikujaribiwa. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi tangu mwaka 1982, na tangu mwaka 2006 imekuwa ikiwasha umeme Mtwara. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi zaidi ikaonekana katika bahari kuu, na kila kinywa kikawa na habari zake, na bei ya ardhi ikapanda siku kwa siku. Mwaka 2012 akaja mtu kutoka mbali, akasimama penye matuta yetu, akataja fedha ambayo mshahara wangu usingeifikia kwa miaka mingi. Alitaka bonde lote, pamoja na kisima. Alikuwa mtu wa adabu, wala simlaumu.

Usiku ule tulikaa penye moto. Ilikuwa Julai. Kijana wetu wa kwanza alikuwa akingoja ada ya chuo, na paa letu lilikuwa la makuti. Mama wa watoto wangu alisema, "Mwalimu, fedha ile ingesomesha watoto wote." Alisema kweli, nami sikuwa na jibu. Tukamgeukia Bibi. Alisuka ukili wake mpaka mwisho wa mshono, kisha akasema, "Wanangu, fedha ya kiwanja huhesabiwa mara moja. Maji ya kisima hiki nimeyahesabu tangu nilipoolewa, na bado sijafika mwisho wake. Lakini mimi ni mzee. Amueni ninyi mtakaokula." Tukaamua kutouza. Kijana wetu ilimpasa kungoja mwaka mzima kabla ya kuingia chuoni, na hakufurahi, hata kwa miezi kadhaa maneno yake kwangu yalikuwa machache. Hiyo ndiyo bei tuliyoilipa kwa bustani, na si haki niisifu bustani bila kuitaja bei yake.

Jirani yetu wa upande wa pili aliuza. Yeye naye hakufanya ujinga: alijenga nyumba ya mabati, akamsomesha binti yake uuguzi, naye sasa ana kazi njema. Mwaka 2015 bomba likaanza kupeleka gesi Dar es Salaam kutoka Madimba, na wale waliokuwa wakitafuta ardhi wakapungua. Kiwanja alichokiuza jirani bado kina nguzo za mipaka na majani marefu, hapana nyumba wala tuta. Kila Julai, jua likishuka, huja kwetu, hukaa juu ya gogo, na baada ya kimya husema, "Mwalimu, nipe ndoo moja nimwagilie." Nami humpa. Hapana neno jingine tunalolisema juu ya jambo lile.

Miaka iliyofuata ilitufundisha zaidi. Mwaka 2017 serikali ya Bara Hindi iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwao, na bei huku kwetu ikaanguka hata wengine wakaona kuvuna ni hasara. Mwaka 2018 soko la korosho nalo likakwama kwa ugomvi wa bei, na katika nyumba nyingi fedha ikachelewa miezi mingi. Sisemi watu waache korosho wala mbaazi. Mimi mwenyewe nina mikorosho kumi na tisa, na katika kipupwe huamka usiku kuinyunyizia unga wa salfa kabla upepo haujaamka, kwa ajili ya ule ugonjwa wa ubwiri unaopenda maua na baridi. Ninalosema ni hili: bei ya korosho na mbaazi huamuliwa na watu tusiowaona, katika miji tusiyoifika, bei ya mchicha ulio nyuma ya nyumba huamuliwa na ndoo na jembe. Nyumba yahitaji vyote viwili, kile cha kuuza na kile cha kula. Na mwenye kile cha kula huweza kungoja bei ya kile cha kuuza bila kukopa.

Sasa niseme maneno machache ya maonyo, kama ilivyo desturi ya walimu. La kwanza, kipupwe ni msimu wa harusi, jando na unyago, na ni vema watu kufurahi baada ya mavuno. Lakini ghala lina chini yake. Miezi ya Januari na Februari, mazao mapya yakiwa bado shambani, hukuta nyumba zilizopika sufuria kumi za wali mwezi wa Julai zikiomba kibaba kwa jirani. Toeni kwanza akiba ya masika, ndipo mpige ngoma kwa kilichobaki.

La pili, usiku wa baridi usiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Hewa itokayo katika mkaa haina rangi wala harufu ya kukuonya, nayo huua watu usingizini. Blanketi moja lina gharama ndogo kuliko jeneza. Wazee na watoto wenye kikohozi wapewe nguo kavu na uji wa moto, na kikohozi kikizidi waende zahanati mapema.

La tatu, asiye na nafasi ya bustani asijitie unyonge. Madebe mabovu matatu yaliyotobolewa chini na kujazwa udongo na samadi huotesha mchicha wa kutosha mchuzi mara kwa mara. Na maji yaliyooshea mboga na mchele yanatosha kuyanywesha. Haba na haba hujaza kibaba.

Kijana wetu yule aliyengoja mwaka mmoja sasa yuko kazini Dar es Salaam. Hajapata kuniambia kwamba tulifanya vema kutouza, wala sijamwuliza. Lakini likizo yake huiomba kila mwaka katika mwezi wa Julai, ingawa wenzake huomba Desemba. Na mwaka jana alikuja na mbegu za karoti, akataka ziwe tuta la saba. Nikamwonyesha kisima na kumweleza sheria ya babu yake. Akapima kwa macho, akawaza, kisha akang'oa nusu ya tuta la bilingani akapanda karoti zake humo.

Basi, wasomaji wapenzi, kusi itakapoanza kuvuma tena na watoto wakaja na ngozi zilizopauka kwa baridi asubuhi, msiseme, "Lini tutafika Oktoba?" Oktoba itakuja kwa miguu yake. Tazameni nyuma ya nyumba zenu, mpime maji yenu, msie mbegu kwa kadiri ya maji hayo, na jioni mwite kila mmoja penye moto, hata yule jirani asiye na tuta. Miezi mitatu ni michache, na watoto hawakai watoto.